Lile bango la "maneno ya siri" litoeni ukutani jamani

Juzi tena. Mama mmoja kanisimamisha hapo Kirumba, bodaboda inamsubiri, ananiambia mwalimu huyu wangu hesabu za kawaida anaziweza, mafumbo, zile hesabu za maelezo, ndo yanamshinda, hebu mfundishe yale maneno. Maneno gani mama? "Si yale, ukiona jumla unajumlisha, ukiona baki unatoa, ukiona kila unazidisha." Nikacheka tu ila moyoni nimechoka, maana hii nimeshaisikia kwa wazazi, kwa walimu wenzangu, kwa vijana wa tuisheni, na kuna madarasa imebandikwa kabisa kwenye manila.

Haya chukua hili: Juma amevua sato 30. Amevua sato 12 zaidi ya Ali. Ali amevua wangapi? Darasa la tano zima, 42. Kwa nini? "Zaidi" mwalimu, si unajumlisha. Yani Juma ndo kavua wengi, imeandikwa hapo hapo, halafu Ali anaondoka ziwani na 42! Au hili, dagaa sado 24 zinapakiwa kwenye mifuko, kila mfuko sado 3, mifuko mingapi? "Kila", basi 72. Mtu alikuwa na sado 24 katoka na mifuko 72 ya sado tatu tatu, mnionyeshe hiyo biashara na mimi niache chaki.

Na hii si ya kwetu tu. Mwaka 1979 huko Grenoble, Ufaransa, watoto waliulizwa: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana miaka mingapi? Kati ya watoto 97, 76 walitoa jibu kwa kuzichanganya hizo namba. Nikawapa na wangu, nikaifanya boti ya Ukerewe. Miaka 36, karibu wote, na mstari wamepiga mara mbili chini ya jibu kama tunavyowafundisha. Mmoja alifuta akaandika 16, nikamuuliza vipi, anasema mbuzi wameshuka.

Ninachofanya mimi, swali la kwanza naliandika ubaoni bila namba. Juma amevua sato kadhaa, amemzidi Ali. Nani kavua wengi? Hapo hakuna cha kujumlisha, lazima usome. Wakishakubaliana wanachora mstatili mrefu wa Juma, mfupi wa Ali chini yake, kile kipande kilichozidi ndo 12, namba zinaingia mwisho kabisa. Naandika pia mawili yenye "zaidi" ile ile, moja la kujumlisha moja la kutoa, nawaacha wabishane. Kelele ndo nazitaka, japo mwalimu wa jirani hazipendi.

Najua mtaniambia na tebo je, zile za kuzidisha. Wazijue, sibishani na mtu. Ila tebo haikwambii cha kufanya.

Sasa na mimi nikiri. Ukiwa na watoto 90 hiyo michoro inakula kipindi, dakika 40 zimeisha mmefanya maswali matatu, na mtihani wa darasa la saba hausubiri mtu amalize kuchora. Kuna miaka nimerudi kwenye yale maneno nikiwa nimekabwa, kimya kimya, mlango nimefunga. Na wengine hata sina hakika kama shida ni hesabu, nyumbani wanaongea Kisukuma, "zaidi ya" ya kwenye kitabu wanaikuta kwangu tu.

Kuna binti mama yake anauza dagaa pale mwaloni, Jumamosi anakaa naye mezani. Nikamuuliza kwa mdomo, mama kauza ndoo 30, kamzidi jirani ndoo 12, jirani kauza ngapi? 18, hata hajafikiria, na akaniuliza kwani jirani alichelewa kufungua? Wiki iliyofuata nikampa lile lile kwenye karatasi, Juma na Ali na sato zao. 42, na mstari mara mbili.