Je, wajua kwa nini madaktari wa Uchina hupitisha umeme kwenye sindano kumtibu mtu aliyeanza kupungukiwa na uwezo wa kufikiri?

Sindano ya kwanza huwekwa utosini, pale ambapo mstari unaopanda kutoka ncha ya sikio moja hadi ncha ya sikio la pili hukutana na mstari wa katikati ya kichwa. Wachina hupaita mahali hapo Baihui, yaani Mikutano Mia. Ya pili huwekwa Shenting, yaani Uwanja wa Roho, ndani kidogo ya mpaka wa nywele juu ya paji la uso, kwa kipimo cha nusu ya upana wa dole gumba la mgonjwa mwenyewe. Sindano hizo ni nyembamba kuliko ya kuchomea dawa, hazina tundu, na hulazwa chini ya ngozi bila kugusa chochote kilichomo ndani ya fuvu. Kisha hubanwa kwa vibanio vyenye waya, waya huunganishwa na kifaa kidogo kinachotoa mapigo ya umeme, na mgonjwa hulala kwa takriban nusu saa akihisi kama anagongwagongwa kwa ncha ya kidole. Hiyo ndiyo akupancha ya umeme, ambayo katika hospitali za tiba asilia za Uchina hutolewa mara kadhaa kwa wiki kwa watu ambao mishipa ya damu ya ubongo imeanza kuwapunguzia uwezo wa kufikiri.

Swali linajitokeza lenyewe: ikiwa fuvu ni mfupa, umeme ni mdogo, na sindano haifiki ubongoni, tiba hii inawezaje kugusa kumbukumbu?

Kwanza ugonjwa. Ubongo una uzito wa takriban asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, wala hauna ghala la kujiwekea akiba. Shinikizo la damu na kisukari vinapokaa mwilini kwa miaka mingi, vimishipa vidogo vinavyolisha sehemu za ndani za ubongo huwa vigumu na vyembamba, na vingine huziba kimya kimya bila mtu kupooza wala kuanguka. Sehemu zinazoumia zaidi ni zile nyeupe, ambazo kwa hakika ni nyuzi zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine. Ndiyo maana mgonjwa wa aina hii mara nyingi haanzi kwa kusahau majina ya watoto wake. Huanza kwa kuwa mzito: kuhesabu chenji kunamchukua muda, kupanga safari kunamchosha, na mazungumzo ya watu watatu yanampita. Maadamu bado anajihudumia mwenyewe na kuendesha shughuli zake, hali hiyo huitwa upungufu mdogo wa utambuzi unaotokana na mishipa ya damu. Vladimir Hachinski, daktari wa neva nchini Kanada, ndiye aliyesukuma wazo hili katika miaka ya 1990, kwa hoja kwamba kungoja mpaka mtu apoteze akili kabisa ndipo apewe jina la ugonjwa ni kuchelewa kupita kiasi.

Watu wengi hudhani kwamba umeme huu nao ni urithi wa kale wa Uchina. Sindano ni za kale, lakini umeme uliunganishwa nazo Ufaransa. Daktari Louis Berlioz, baba wa mtunzi wa muziki Hector Berlioz, aliandika juu ya akupancha mwaka 1816 na kupendekeza jambo hilo, na mwaka 1825 Jean-Baptiste Sarlandière akachapisha maelezo ya jinsi alivyoyatibu maradhi ya baridi yabisi kwa sindano zenye umeme. Uchina iliichukua njia hiyo kwa nguvu baadaye sana, hasa baada ya mwaka 1958, madaktari walipoanza kutumia sindano kutuliza maumivu wakati wa upasuaji. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: kuizungusha sindano kwa vidole kwa saa nzima kunachosha, na hakuna mikono miwili inayozungusha sawasawa. Umeme, kinyume chake, hupimika, kwa kuwa idadi ya mapigo kwa sekunde na nguvu yake vinaweza kuandikwa na kurudiwa kesho na daktari mwingine.

Kupimika huko ndiko kulikozaa ushahidi ulio imara zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kundi la Han Jisheng huko Beijing lilichukua maji yanayozunguka ubongo wa sungura waliotibiwa kwa sindano, likayaingiza katika ubongo wa sungura wasiotibiwa, na hao wa pili nao wakawa wagumu kuhisi maumivu. Ilidhihirika kwamba sindano huufanya ubongo utoe kemikali. Baadaye Han alionyesha kwamba mapigo 2 kwa sekunde huchochea kemikali tofauti na zile zinazochochewa na mapigo 100, ndiyo maana vifaa vingi leo hupokezana kati ya mwendo wa polepole na wa haraka. Mwaka 2021, kundi la Qiufu Ma wa Chuo Kikuu cha Harvard lilionyesha katika panya kwamba umeme mdogo kwenye mguu wa nyuma, mahali panapolingana na nukta ya Zusanli iliyo chini ya goti la binadamu, huamsha aina mahususi ya seli za neva ambazo hupeleka habari ubongoni, na ubongo nao hutuma amri ya kupunguza uvimbe mwilini. Umeme uleule ukiwekwa tumboni haufanyi hivyo, kwa sababu seli hizo hazipo hapo.

Basi njia ni neva. Ngozi ya kichwa imejaa matawi yake, na kwa upande wa mbele matawi hayo ni ya neva kuu ya hisia za uso, ambayo nyuzi zake nyingine hufika hadi kwenye mishipa ya damu ya ubongo wenyewe. Kwa hiyo wazo kwamba sindano ya Shenting inaweza kubadili mtiririko wa damu ndani ya fuvu lina msingi katika umbile la mwili. Katika maabara, panya hufungwa mishipa miwili mikubwa ya shingo ili ubongo upungukiwe na damu, kisha hutiwa kwenye bwawa dogo la maji watafute jukwaa lililofichwa, na maabara nyingi za Uchina zimeripoti kwamba waliopata akupancha ya umeme hulipata upesi zaidi. Nayasoma matokeo hayo kwa tahadhari. Panya hao kwa kawaida ni vijana wenye mishipa mizima iliyofungwa siku moja, ilhali mgonjwa wetu ni mtu mzima aliyeishi na presha miaka 20.

Majaribio kwa binadamu ndiyo yanayonifanya nisite. Mengi yamefanywa Uchina, na mara nyingi kundi la sindano limelinganishwa na kundi linalomeza dawa ya nimodipini au sitikolini, kisha sindano zikaonekana kufanya vizuri sawa na dawa au kuzidi kidogo. Tatizo ni kwamba dawa hizo zenyewe hazijathibitishwa kuwa tiba ya ugonjwa huu, na kumshinda mkimbiaji ambaye hatujui kama anaweza kukimbia hakutuambii mengi. Isitoshe, mgonjwa anajua kama amedungwa au amemeza kidonge, na kutunzwa kwa nusu saa mara kadhaa kwa wiki kwaweza peke yake kumchangamsha mtu mzima. Njia ya kuepuka hilo ipo: mwaka 1998 Konrad Streitberger wa Ujerumani alieleza sindano ya uongo ambayo hujirudisha ndani ya mpini wake bila kupenya ngozi, na kwa upande wa umeme kifaa chaweza kuwaka taa huku waya haupitishi kitu. Hata hivyo, kuguswa kwa ngozi nako huamsha neva, kwa hiyo hata sindano ya uongo si bure kabisa.

Kipimo nacho kina mitego. Jaribio la MoCA la kupima uwezo wa kufikiri, lililochapishwa na watafiti wa Montreal mwaka 2005, lina alama 30, na anayepata chini ya 26 hutiliwa shaka. Anayeambiwa achore saa na mchemraba kwa mara ya pili hujua kinachokuja, hivyo alama moja au mbili zinaweza kupanda kwa mazoea tu. Tena mtu ambaye hajakaa darasani hushindwa kuuchora mchemraba bila ugonjwa wowote, na ndiyo sababu watafiti waliofanya kazi na wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walilazimika kutengeneza kipimo kingine kisichodai kusoma na kuandika.

Kinachojulikana kwa uhakika zaidi kinahusu presha. Katika jaribio la SPRINT la Marekani, lenye watu zaidi ya 9,300, waliolenga kushusha kipimo cha juu chini ya 120 walipata upungufu mdogo wa utambuzi kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 19 kuliko waliolenga chini ya 140. Hakuna jaribio la sindano lililofikia ukubwa huo kwa ugonjwa huu. Kwa hiyo akupancha ya umeme, kwa maoni yangu, inaweza kukaa pembeni ya vidonge vya presha, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya vidonge hivyo.

Timu za madaktari wa Kichina zimekuwa zikihudumu Zanzibar tangu katikati ya miaka ya 1960 na Tanzania Bara tangu 1968, na tiba ya sindano imekuwa miongoni mwa huduma zao. Anayekusudia kuijaribu ahakikishe kwamba sindano ni mpya na inafunguliwa mbele yake, na aseme mapema ikiwa ana kifafa, anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, au amewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, kwa kuwa mwenye kifaa hicho hapaswi kupitishiwa umeme huu bila idhini ya daktari wake wa moyo.