Umepona, kwa nini tena tunataka damu yako?

Miezi hii simu ya ofisi yetu hapa Goma hailali. Tangu tuanze kuwaita watu waliopona Ebola na mpox warudi kutoa damu kidogo, swali ni lilelile, litoke Ndosho, Majengo au Birere: "Dokta, mimi nilishapona, na karatasi ya kupona ninayo. Damu hii ya nini tena?" Wengine hawaulizi, wanatuarifu tu kwamba tunaiuza au inapelekwa kunywewa, na kuna aliyeandika kwamba tulimmaliza damu mama mmoja wa Katindo. Mimi ni mtaalamu wa kinga ya mwili, na tangu nitoke chuoni kazi yangu imekuwa kuchungulia chembe nyeupe za damu. Kituo kimeniomba nijibu kwa utulivu. Nitajaribu.

Kirusi kinapoingia mwilini hukuta chembe nyeupe ziitwazo seli B, za kila namna, kila moja na kishikio cha umbo lake. Chache kati ya hizo, kwa bahati tu, zina kishikio kinachokamata kirusi hicho. Ndizo zinazoanza kuzaana kwa kasi na kumwaga kingamwili, yaani protini zinazokamata kirusi, kwenye damu, huku chembe nyeupe nyingine, seli T, zikiua seli za mwili zilizokwisha kuvamiwa. Vita ikiisha, nyingi zinakufa. Zinazobaki tunaziita seli za kumbukumbu, nazo zinaweza kukaa miaka na miaka zikimngoja adui yuleyule. Mtu ambaye hakuugua wala hakuchanjwa hana hizo. Ndiyo maana tunakuita wewe, hatumwiti jirani yako mnene mwenye afya tele.

Mwaka 1995 Ebola ilipopiga mji wa Kikwit, magharibi mwa Kongo, Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wetu wa virusi, na wenzake walichukua damu ya waliopona wakawawekea wagonjwa 8. Mmoja alikufa, 7 wakapona. Wataalamu wa nje walitikisa kichwa: hapakuwa na kundi la kulinganisha, huenda wale 7 wangepona hata wasingewekewa kitu. Kisayansi hoja yao ilikuwa halali, ingawa nilipoisoma nikiwa mwanafunzi iliniudhi sana. Jambo likalala. Miaka 11 baada ya mlipuko, mmoja wa waliopona akakubali kutoa damu tena. Seli zake za kumbukumbu bado zilikuwepo, na kutoka humo watafiti wa Marekani na Uswisi wakapata kingamwili yenye nguvu, wakaiita mAb114.

Novemba 2018 jaribio likaanza huku kwetu, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, dawa nne zikilinganishwa kwa wagonjwa 681. Agosti 2019 likasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu dawa mbili zilikuwa zimezishinda nyingine waziwazi, na mAb114 ilikuwa mojawapo. Waliopewa hiyo walikufa kama 35 katika kila 100. Waliopewa ZMapp, ambayo ndiyo iliyotegemewa kabla, walikufa karibu 50. Waliopewa mAb114 virusi vikiwa bado vichache mwilini walikufa kama 10 tu katika 100. Desemba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaipitisha. Kwa hiyo nikimsikia mtu pale soko la Virunga akisema "hiyo ni dawa ya wazungu", natamani kumshika mkono nimketishe. Seli ni za mtu wa Kikwit, na waliokubali kujaribiwa dawa ni ndugu zetu wa Beni na Butembo.

Hata hivyo hofu ya watu haikuzuka hewani. Mwaka 1976 Muyembe huyohuyo alifika Yambuku, kijiji kilichopigwa na Ebola ya kwanza hapa Kongo, akawatoa wagonjwa damu mikono mitupu, bila glavu. Damu kutoka mlipuko ule ikasafirishwa mpaka Antwerp, Ubelgiji, kirusi kikatambuliwa katika maabara za nje, na kwa miaka mingi hadithi ya ugunduzi ikasimuliwa bila jina lake. Mwaka 2019 alitangaza kwamba sampuli za Ebola zitabaki Kongo, na mwaka 2021 INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ikawa na maabara yake hapa Goma. Anayeniuliza damu yake inaenda wapi hanitukani. Anayenitukana ni yule anayewaambia watu kwamba inapelekwa kunywewa.

Sasa utaratibu, na hapa naomba msome polepole, kwa sababu malalamiko mengi yanatoka kwa watu waliosaini bila kusikiliza.

Kwanza unasomewa fomu ya ridhaa kwa lugha unayoisikia vizuri: Kiswahili, Kinyarwanda, Kinande, Kifaransa. Unasomewa, husukumiwi karatasi. Unaweza kwenda nayo nyumbani, umwonyeshe mume, mke au pasta, urudi siku nyingine. Asiyejua kusoma anaweka kidole gumba mbele ya shahidi ambaye si mfanyakazi wetu. Mtoto anasainiwa na mzazi, lakini mtoto mwenye akili ya kuelewa naye anaulizwa, na akikataa tunamwacha hata kama baba amesaini. Baba wengine hapo wanapandisha sauti. Haisaidii.

Pili, kiasi. Mtu mzima tunamtoa mililita 20, vichupa viwili vya kifuniko cha zambarau. Hivyo ni vijiko vinne vya chai. Mwili wa mtu mzima una damu ya lita 5 hivi, na anayejitolea damu hospitalini hutoa karibu mililita 450 akarudi nyumbani kwa miguu. Aliyeandika kwamba tulimmaliza damu mama wa Katindo aje nimwonyeshe kichupa chenyewe.

Tatu, jina lako halipandi juu ya kichupa. Kinabandikwa namba, na daftari linalounganisha namba na jina linafungiwa kabatini, ufunguo ukiwa kwa watu wawili tu. Damu inazungushwa kwenye mashine mpaka ijipange kwa tabaka: nyekundu chini, maji ya manjano juu, na katikati ukanda mwembamba wenye rangi ya maziwa. Ukanda huo ndio maisha yangu. Tunaunyonya, tunaziosha seli, tunazihesabu, kisha tunazigandisha katika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, zikisubiri siku ya kuamshwa. Mililita moja ya damu kwa kawaida hutupatia seli hizo milioni moja hivi. Ukisikia tumekuomba vichupa viwili badala ya kimoja, hesabu ni hiyo.

Nne, sampuli haivuki mpaka bila ruhusa ya kamati ya maadili na mkataba wa maandishi unaotaja itatumiwa kwa nini, na nani, na mabaki yatafanywa nini. Ikisafiri, inafungwa mara tatu, chombo ndani ya chombo, na kiboksi kinaandikwa UN3373, namba ya kimataifa ya sampuli za uchunguzi. Kama ina kirusi hai cha Ebola masharti ni makali zaidi, lakini damu yako wewe uliyepona haimo katika kundi hilo.

Adhabu nazo zipo, ingawa watu wanapenda kuamini hatuna. Mfanyakazi akimtoa mtu damu kabla ya saini, anasimamishwa siku hiyohiyo. Kichupa hakichunguzwi, kinaandikwa katika daftari la makosa, kinateketezwa mbele ya mashahidi wawili, na kamati ya maadili inaandikiwa barua ndani ya saa 48. Akirudia, mkataba unavunjwa. Kiongozi wa mtaa au mhamasishaji anayewaahidi watu dola ili waje, ridhaa za watu wake zote zinafutwa na tunaanza upya. Tunachorudisha ni nauli ya moto (pikipiki) na chai, basi. Nawe ukibadili mawazo, hata baada ya mwaka, unajaza karatasi moja na seli zako zinatolewa kwenye pipa la naitrojeni na kuharibiwa. Majibu yaliyokwisha kuingia katika hesabu ya jumla hayawezi kutolewa. Hilo limeandikwa kwenye fomu, ukurasa wa pili, na ni hapo ambapo karibu kila mtu huwa amekwisha kuchoka kusikiliza.

Kuna jambo jingine linalonitesa. Nilianzia kazi kwenye mashine ya kuhesabu CD4 za wanaoishi na virusi vya SIDA. CD4 ni aina ya seli T, ile inayozipa nyingine amri, na kirusi hicho huzichagua hizo. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 500 na 1,500 hivi katika tone la milimita moja ya ujazo. Miaka ile tulikuwa tunawarudisha watu nyumbani kwa sababu wana 260: kanuni ilisema dawa ni kwa walio chini ya 200. Niliwarudisha kwa mkono wangu, na baadhi sikuwaona tena. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapandisha kipimo kuwa 350, mwaka 2013 kuwa 500, na mwaka 2015 likasema kila mwenye kirusi aanze dawa za ARV, hesabu iwe yoyote. Lakini hadi leo mtu ananijia: "Dokta, zangu bado ni nyingi, nasubiri zishuke." Zishuke ili iweje? Anza leo. Na wale wanaouza pale Birere chupa za kijani za "kupandisha kinga" wajue kwamba kinga iliyopanda ovyo pia ni ugonjwa. Waulizeni wenye pumu, ambao kinga yao hukasirikia hata vumbi.

Mwenye malalamiko aje mwenyewe na namba iliyo kwenye kadi yake. Kwa simu hatutaji matokeo ya mtu, hata kwa mke wake. Damu tunatoa Jumatatu hadi Alhamisi, asubuhi tu. Ijumaa hapana. Seli zinatakiwa ziwe zimesafishwa na kugandishwa siku ileile, na Ijumaa moja umeme ulikatika saa nane mchana, jenereta ikakataa kuwaka, vichupa 14 vikalala mezani mpaka Jumamosi. Tulilazimika kuwaita wale watu 14 tena na kuwaeleza. Kumi na mmoja walirudi.