Fizi Kwanza, Ndipo Uulizie Alaina

Watu wazima wengi hufika kliniki wakiamini wamechelewa kunyoosha meno. Hawajachelewa. Jino husogea kwa kuwa mfupa humomonyoka upande linakoelekea na kujengeka upande linakotoka, na mwili huifanya kazi hiyo hata uzeeni, ila polepole kuliko kwa mtoto. Kinachoamua ni hali ya mfupa wenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kuulizia bei ya alaina, vile vifuniko vya plastiki angavu vinavyobadilishwa kila wiki moja au mbili, zikague fizi zako. Kutoka damu ukipiga mswaki, meno kucheza, au meno ya mbele kuanza kuachana ukubwani ni dalili kwamba huenda mfupa unaliwa. Kusukuma jino katika hali hiyo ni kuharakisha kulipoteza. Ugaga huondolewa, fizi hutibiwa zikatulia, kisha eksirei huonyesha mfupa uliobaki. Mweleze daktari pia kama una kisukari, unavuta sigara, au unatumia dawa za bisfosfoneti, zile wanazopewa wenye mifupa dhaifu: dawa hizo hupunguza kumomonyoka kwa mfupa, na meno huweza kugoma kusogea.

Jino la kupandikizwa halisogei kabisa. Nao waliokulia maeneo ya maji yenye floridi nyingi, kama kuuzunguka Mlima Meru, wajue kwamba vidoto vya risini, aina ya plastiki ngumu, vinavyogandishwa ili alaina ishike jino hubanduka kwa urahisi zaidi kwenye meno yaliyoathirika sana.

Likija suala la nidhamu, mimi huuliza habari za chai. Alaina hukaa kinywani saa 20 hadi 22 kwa siku na huvuliwa kwa kila kinywaji isipokuwa maji. Mtu wa kikombe mkononi kutwa nzima, namshauri waya za kugandishwa kwenye meno. Waya hufaa pia chonge lililopinda sana. Kasoro kubwa ya taya lenyewe kwa mtu mzima huhitaji upasuaji.

Usinunue matibabu haya kwa posta. SmileDirectClub, kampuni ya Marekani iliyouza alaina kwa posta, ilipofunga shughuli Desemba 2023, wateja wake waliachwa katikati ya matibabu.

Meno yaliyonyooshwa hupenda kurudi yalikotoka, hivyo riteina ya usiku, kifaa cha kuyashikilia mahali pake, huvaliwa miaka na miaka. Gharama yake, na ya kuibadilisha ikichakaa, iulize siku ile ile ya kwanza.