Mganga akikutajia shida zako kabla hujasema, ndiye wa kweli?

Wengi tumekua tukiamini kwamba mganga wa kuaminika ni yule anayekutajia yaliyokusibu kabla hujafungua mdomo. Unatoka kilingeni umeduwaa: huyu kaona!

Lakini yasikilize maneno yenyewe. "Kuna ndugu anakuonea kijicho. Fedha inaingia, haikai." Nani hayamgusi? Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa saikolojia Marekani aliwapa wanafunzi 39 maelezo ya tabia zao. Walipoulizwa yana usahihi kiasi gani, waliyapa wastani wa alama 4.3 kati ya 5, kumbe wote walisoma maneno yaleyale, mengi yamenukuliwa kutoka kitabu cha unajimu.

Jaribu nawe: ukitoka tu, andika aliyoyasema, kisha wasomee majirani watatu bila kuwaambia yametoka wapi. Hesabu wangapi watasema "hayo yangu". Andika na majibu yako pia, maana kila "ndiyo" yako ilimwonyesha njia.

Mimi hutazama zaidi malipo: leo kuku mweusi, kesho mbuzi, keshokutwa uuze kiwanja. Na akikutajia shangazi yako kuwa ndiye mchawi, inuka uondoke. Usukumani vikongwe wameuawa kwa ramli za namna hiyo.