Jenasi mpya sio mnyama mpya jamani

Jumapili tulikuwa Kigamboni, mtoto akaokota kombe, kombe likaanza kutembea, basi shemeji akaanza, eti kasoma wamegundua jenasi mpya ya kaa hawa wa kwenye makombe, wale wa kina kirefu, kwa hiyo huko chini wanatokea wanyama wapya. Hapana shemeji.

Jenasi ni kama ukoo tu, kikundi cha spishi (aina za viumbe) zinazofanana, na kinachokuwa kipya ni jina na mpangilio, kaa mwenyewe yupo zamani sana. Mara nyingi hata alishavuliwa kitambo, yuko kwenye chupa ya spiriti makumbusho, na pengine alishapewa jina ila akawekwa kwenye ukoo usio wake. Mtaalamu anakaa na darubini anaangalia matamvua, magando, macho, vijimiguu vya tumboni, analinganisha na jenasi za jirani, siku hizi na DNA, halafu anaandika maelezo na kuchagua spishi moja iwe kielelezo cha jenasi nzima (kwa majina ya baada ya 1930 hiyo ni lazima).

Na asikudanganye mtu kwamba wanawatambua kwa kombe, kombe ni la konokono aliyekufa, la kuazima tu. Tena kule chini makombe mazuri ni ya kutafuta, kuna wanaokaa kwenye vipande vya mbao au sponji, na wengine wanabeba anemoni (mnyama laini wa baharini) mgongoni, anakua nao na kuwaongezea nyumba.