Upotevu wa pakiti: intaneti ikiwa "inakatakata", nini hasa kinapotea?

Mteja wa Nyegezi, Mwanza, akipiga simu kwa mtoa huduma husema moja kati ya mambo mawili: "mtandao unakatakata" au "intaneti inasuasua". Mara nyingi malalamiko hayo mawili ni tatizo moja, na jina lake ni upotevu wa pakiti.

Intaneti haipitishi data kama maji ya bomba. Picha, sauti au ukurasa hukatwa vipande, kila kimoja kisichozidi baiti 1,500 kwa kawaida, na kila kipande hubandikwa anwani ya kilikotoka na kinakokwenda, kama mzigo unaopakiwa kwenye basi la Dar. Kipande hicho ndicho pakiti. Zikitumwa pakiti 200 zikafika 196, upotevu ni asilimia 2.

Pakiti haiyeyuki hewani. Kuna kifaa njiani kilichoitupa, na hutupa kwa sababu kuu mbili. Ama pakiti imefika imeharibika, hesabu yake ya uhakiki haikulingana, ama imefika nzima ikakuta foleni imejaa. Fundi akishajua ni ipi kati ya hizo, nusu ya kazi imekwisha: iliyoharibika inampeleka kwenye waya, faiba au redio, iliyokosa nafasi inampeleka kwenye uwezo wa laini. Kubadilisha rauta kabla ya kujua hilo ni kupiga ramli.

Kwa nini asilimia 1 ni kubwa? Simu ya sauti ya intaneti kwa kawaida hutuma pakiti 50 kila sekunde, kila moja ikibeba milisekunde 20 za sauti. Ukipoteza asilimia 2, kila sekunde silabi moja inachubuka. Kwenye kupakua faili madhara hujificha zaidi, maana itifaki ya TCP, yaani kanuni inayohakikisha kila kipande cha data kimefika, huitafsiri pakiti iliyopotea kuwa ishara ya msongamano, ikapunguza mwendo. Kwa TCP ya mtindo wa zamani, chukua baiti 1,460 zinazobebwa na kila pakiti, gawanya kwa muda wa kwenda na kurudi, zidisha kwa 1.22, kisha gawanya kwa kipeuo cha pili cha upotevu. Zidisha kwa 8 upate biti. Seva ikiwa ng'ambo, milisekunde 200 kwenda na kurudi, na upotevu ukawa asilimia 1, muunganisho mmoja unaambulia kama megabiti 0.7 kwa sekunde, hata kama umelipia kifurushi cha megabiti 20. Seva ikiwa jirani, milisekunde 20, upotevu uleule unakuachia megabiti 7. TCP za sasa zinavumilia zaidi, lakini mwelekeo ni huohuo. Ndiyo maana kipimo cha kasi kinachotumia seva ya karibu, tena kwa miunganisho mingi kwa pamoja, kinaonyesha namba tamu huku mteja akiapa kwamba barua pepe yenye kiambatisho haiendi. Wote wawili wanasema kweli.

Kuitafuta sehemu inayopoteza

Njia ni ndefu: kompyuta, rauta ya nyumbani, laini hadi kituo cha mtoa huduma, mkongo hadi Dar es Salaam, kisha nyaya za baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, Tanzania nzima ilisuasua, na hakuna fundi wa Kirumba ambaye angetibu hilo kwa kupanda ngazi. Kwa hiyo kipimo huanzia karibu, kikasogea hatua kwa hatua.

Chomeka kompyuta kwenye rauta kwa waya. Wi-Fi weka pembeni kwanza, kwa sababu kwenye nyumba zilizobanana za Mabatini au Igogo masafa ya gigahezi 2.4 yamejaa za majirani na yatakuchanganya. Piga pingi 200, yaani pakiti ndogo za majaribio zinazosubiri jibu, kwenda kwenye rauta yenyewe: ping -n 200 192.168.1.1 kwa Windows, au -c badala ya -n kwa Linux. Anwani inaweza kuwa nyingine. Imeandikwa chini ya rauta. Hapo jibu sahihi ni sifuri. Ikipotea hata moja, tatizo liko ndani ya nyumba. Kisha pingi 200 kwenda lango la kwanza la mtoa huduma, halafu seva iliyoko Dar, halafu ya nje ya nchi. Mahali upotevu unapoanza ndipo pa kuchimba.

Programu ya mtr huonyesha vituo vyote kwa mkupuo, na hapo ndipo wengi hupotoka. Kituo cha nne kikionyesha upotevu wa asilimia 40 lakini cha tano hadi cha mwisho vikaonyesha sifuri, kituo cha nne hakina ugonjwa wowote. Rauta kubwa huwekewa kikomo cha kujibu pingi zinazoelekezwa kwake, ila pakiti za watu inazipitisha bila shida. Upotevu wa kweli ni ule unaoanza mahali na kuendelea hadi mwisho wa orodha. Malalamiko mengi yanayotumwa na picha ya skrini yanakufa kwa kigezo hicho kimoja.

Waya wa shaba, haraka haraka

Waya wa mtandao una jozi nne. Gigabiti inahitaji zote. Jozi ya buluu au ya kahawia ikikatika, laini huweza kushuka hadi megabiti 100 bila kupiga kelele. Ingia kwenye swichi, soma kasi ya bandari, yaani tundu la kuchomekea waya, na kihesabu cha makosa ya CRC, ile hesabu ya uhakiki isiyolingana. Kihesabu kikipanda wakati unakitazama, kiunganishi kimekaa vibaya, maji yameingia kwenye waya wa nje, au waya umezidi mita 100. Kuna pia waya wa alumini uliopakwa shaba, unaouzwa bei chee: ukiutumia kupeleka umeme kwa redio ya juu ya paa, volti zinashuka njiani, redio inajizima na kuwaka, na mteja anasema "mtandao unakata". Ukwangue kwa kisu. Ukiona weupe ndani, uache dukani.

Faiba: soma mwanga kabla ya kushika chochote

Kifaa cha faiba cha nyumbani huonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa, kwa dBm (desibeli zikilinganishwa na miliwati moja). Usikubali kuambiwa "mwanga upo". Piga hesabu. Kituo kikirusha +3, faiba ya kilomita 5 inakula kama desibeli 1.3, vigawanyio viwili vya 1 kwa 8, vinavyogawa mwanga mmoja njia nane, vinakula 10.5 kila kimoja, viunganishi vinne 1.2, maungio 0.4. Unabaki na −21 hivi. Vifaa vingi vya GPON, aina ya faiba inayogawiwa nyumba nyingi, huishia −27. Chini ya hapo makosa yanaanza na pakiti zinaharibika. Ukisoma −28 mahali ulipotarajia −21, kuna desibeli 7 zimeliwa na kitu: faiba iliyokunjwa nyuma ya kabati, kiunganishi chenye vumbi, au mtu amechomeka cha buluu kwenye cha kijani. Ncha ya kijani imekatwa kwa mshazari wa nyuzi 8 na ya buluu haina mshazari huo. Zikikutanishwa hazigusani sawasawa. Safisha kwa kalamu ya kusafishia kabla ya kubadilisha chochote, kisha pima upya. Kama mashine ya OTDR, inayopima faiba kwa mapigo ya mwanga, ipo, pima kwa nanomita 1310 na 1550: pale 1550 inapopoteza zaidi sana kuliko 1310, faiba imekunjwa, haijakatika.

Ziwa

Hapa Mwanza ina somo ambalo Dodoma haina. Visiwa na rasi hufikiwa kwa redio juu ya maji, na maji yaliyotulia ni kioo.

Chukua mfano wa kiungo cha kilomita 20 kwa gigahezi 5.8, dishi moja mita 40 na jingine mita 30 juu ya usawa wa ziwa. Upotevu wa njia hewani ni desibeli 133.7. Ukirusha kwa 36 dBm na kupokea kwa dishi la desibeli 30, tarajia kama −68. Ukisoma −78, anza na kulenga madishi upya. Katikati ya njia, mviringo wa dunia unanyanyua maji kama mita 6, na wimbi linahitaji uwazi wa takriban mita 10 chini ya mstari wa macho. Kwa hiyo kuliona dishi la pili kwa darubini hakutoshi.

Tatizo gumu zaidi halionekani kwa darubini. Wimbi moja linakwenda moja kwa moja, jingine linagonga maji na kufuata, likiwa limepita njia ndefu zaidi kwa sentimita 8 hivi. Urefu wa wimbi kwa masafa hayo ni sentimita 5.2. Yakifika yakiwa yanaendana, yanasaidiana. Yakifika kinyume, yanauana. Sasa, alfajiri maji yametulia na hewa juu yake imejipanga tabaka za joto na unyevu zinazopindisha mawimbi. Tofauti ile ya njia inasogea sentimita mbili tu na kiungo kilichokuwa na afya saa tisa alasiri kinazama. Upepo wa mchana ukiyachafua maji, kioo kinavunjika na kiungo kinapona chenyewe. Kwa hiyo fundi anayefika saa tano asubuhi anakuta kila kitu kizima, anaandika "hakuna tatizo", anaondoka. Kesho alfajiri simu inalia tena.

Dalili yake ni hii: nguvu ya mawimbi inapanda na kushuka polepole, kwa dakika kadhaa, bila mvua na bila idadi ya watumiaji kubadilika. Rekodi ya saa 24 inaonyesha wazi kuliko fundi yeyote. Kuongeza nguvu ya kurusha hakusaidii, kwa sababu unayaongeza mawimbi yote mawili kwa pamoja. Dawa ni umbo la njia. Kwa mfano huu, kusogeza dishi moja mita 6 au 7, hata kwa kulishusha, kunaweza kuliondoa kwenye shimo na kuliweka kwenye kilele. Dawa bora zaidi ni kuweka madishi mawili upande mmoja, moja juu na jingine chini, redio ikachagua linalosikia vizuri. Na ipo dawa ya bure ambayo miamba ya Mwanza inaitoa: rudisha dishi nyuma kidogo ya ukingo wa mwamba, liione ng'ambo lakini lisiyaone maji yanakoakisi. Kwenye ramani watu hupenda kilele kilicho wazi kabisa juu ya ziwa. Ndicho kibaya kuliko vyote.

Mvua ni jambo tofauti. Kwa gigahezi 5 haina madhara ya kuhesabika. Kuanzia gigahezi 11 kwenda juu inauma, na kwa gigahezi 60, ambako oksijeni peke yake hula kama desibeli 15 kwa kilomita, mvua ya vuli inaweza kukizima kiungo kabisa. Hapo fupisha umbali, au weka redio ya masafa ya chini kama akiba.

Radi ya ziwa haisamehe. Dhoruba za usiku hujengeka juu ya maji na kufika mjini kuelekea asubuhi, na kinachoungua mara nyingi ni bandari ya swichi badala ya redio, kwa kuwa umeme hushuka na waya. Ethingi ya kupigilia nondo moja haifanyi kazi kwenye mwamba: nondo inagota nusu mita. Mafundi hutandaza waya wa shaba mrefu kwenye mfereji wenye udongo, huchanganya bentonaiti inayoshika unyevu, kisha hupima. Lengo la kawaida ni omu 10 au chini ya hapo. Wale wadudu wa ziwa wanaokuja kama wingu la moshi nao wana mchango: hujaza matundu ya kupitishia hewa na feni za kabati, kifaa kinapata joto, kinajizima. Weka wavu mwembamba, ukaukung'ute mara kwa mara.

Foleni ikijaa

Upotevu unaokuja saa mbili usiku na kuondoka saa tano usiku, kila siku, hauna uhusiano na waya. Ni watu. Muda wa pingi unapanda kwanza, kutoka milisekunde 30 hadi 300 kwa mfano, kisha pakiti zinaanza kudondoka. Kwenye upotevu wa waya mbovu, pingi zinazofika hufika kwa muda uleule wa kawaida. Nyingine hazifiki kabisa. Tofauti hiyo peke yake inatosha kuamua kama unaita fundi wa nguzo au unanunua uwezo zaidi. Nyumbani pia hutokea: simu moja ikipandisha video zake kwenye hifadhi ya mtandaoni, laini ya kupandisha inajaa na nyumba nzima inakwama. Rauta yenye mpangilio wa foleni, ukiiwekea kikomo cha asilimia 90 ya kasi halisi, hutibu hilo bila kulipia kifurushi kikubwa.

Kuna upotevu mmoja unaodanganya: pingi ndogo zinafika zote, lakini kurasa fulani hazifunguki. Kwa Windows, jaribu ping -f -l 1472 kwenda seva ya nje. Ikikataa huku 1464 ikipita, laini yako inatumia PPPoE, njia ya kuingia mtandaoni kwa jina na nenosiri, yenye kikomo cha baiti 1,492 kwa pakiti, na kuna mahali ukubwa huo haukurekebishwa. Ni mpangilio wa mstari mmoja kwenye rauta.

Mteja anayetaka ahudumiwe haraka na ampe mtoa huduma mambo manne: saa tatizo linapoanza na kuisha, kama alipima kwa waya, pingi 200 za kwenda kwenye rauta na 200 za kwenda lango la kwanza, na muda wa pingi zilizofika. Kwa faiba aongeze namba ya dBm kutoka ukurasa wa kifaa. Kwa redio, aangalie maji: yalikuwa yametulia au yalikuwa na mawimbi?