Si lazima uwe na mamilioni kuweka sola

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp miaka nenda miaka rudi: sola ni ya matajiri, kama huna mamilioni usijisumbue. Si kweli, ingawa naelewa ulikotoka. Mtu anamwita fundi, anamtajia friji, pasi na birika la umeme, anapewa bei ya mfumo wa nyumba nzima, kisha anaitangaza kana kwamba ndiyo bei ya sola.

Bei hufuata matumizi, na hesabu yake unaweza kuipiga mwenyewe. Soma wati zilizoandikwa kwenye kila kifaa, zidisha kwa saa unazokitumia kwa siku. Taa 4 za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 100. Televisheni ya wati 30 kwa saa 4 ni 120. Simu 3 weka kama 30. Jumla 250, na siku yenye jua la kawaida paneli moja ya wati 100 na betri ya kufaa inakutosha. Pasi ya wati 1,000, kwa saa moja tu, inakula mara 4 ya hivyo vyote. Hiyo mwachie mkaa.

Mifumo midogo huuzwa pia kwa kianzio na malipo kidogo kidogo kwa simu. Hapo fungua macho: jumlisha kianzio na malipo yote hadi mwisho, ulinganishe na bei ya taslimu, maana mkopo kwa kawaida huwa ghali zaidi.

Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Anayeuliza bei, muulize kwanza anataka kuwasha nini.